Mirungu Hadi Mokowe: Jani Linalokimbizwa na Saa

Barabara inaishia Mokowe. Basi la kutoka Mombasa, lori la saruji, pikapu ya mboga, vyote hufika karibu na jeti vikasimama, maana mbele ni maji na ng'ambo ni kisiwa cha Amu, ambako mzigo hupanda punda au mabega ya watu. Kinachoshushwa hapa husubiri zamu yake ya boti. Viazi vina subira. Magodoro yana subira kupita kiasi. Mirungu haina. Mnunuzi anayejua anachonunua, akishaona kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba, huanza na swali moja kabla ya bei: imekatwa lini?

Hilo ni swali la kemia, hata kama muulizaji hajawahi kukanyaga maabara. Mirungu iliyokatwa Igembe, huko Meru, jana alfajiri na ile iliyokatwa siku tatu nyuma yaweza kufanana kwa macho, ikawa ya mti mmoja na tawi moja, lakini ndani imebeba dawa mbili tofauti. Tawi likishatengwa na mti halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, kutoa joto na kuvunja sukari yake, na katika mahangaiko hayo linakiharibu kile kile ambacho mlaji amekilipia.

Kenya ina majani mawili ambayo hayakosi kutajwa pamoja kila penye mjadala wa vileo: mirungu na bangi. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu 964,737 wa umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia miraa, yaani mirungu, na 518,807 hutumia bangi. Moja ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao tangu marekebisho ya mwaka 2016. La pili, chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, ni kosa kulilima, kuliuza na hata kukutwa nalo mfukoni. Wanasheria na wanasiasa wameshiba tofauti hiyo. Mimi inanivutia nyingine ambayo haizungumzwi sana: bangi haina thamani mpaka ikauke, na mirungu huanza kupoteza thamani yake dakika inapoanza kukauka. Kwa nini majani mawili ya kubadili akili yawe na tabia zinazopingana hivi?

Tuanze na bangi, kwa kuwa hadithi yake ni fupi. Kinachotafutwa kwenye mmea huo ni ua la mmea wa kike ambalo halijashika mbegu. Juu ya ua hilo kuna vinyweleo vidogo vyenye vichwa vya utomvu, na ndani ya utomvu mna asidi inayoitwa THCA. Asidi hiyo yenyewe hailevyi. Hugeuka kuwa THC, kemikali iliyochambuliwa kikamilifu na Yechiel Gaoni na Raphael Mechoulam huko Israeli mwaka 1964, pale inapopata joto la moto au la chungu. Kwa hiyo dawa ya bangi imekaa nje ya seli, ndani ya kifuko cha utomvu wa mafuta usiochanganyika na maji. Jani likauke, lisikauke, utomvu uko pale pale. Katika nchi zilizohalalisha kilimo hicho, kama Kanada tangu mwaka 2018, wakulima wenye leseni huyaning'iniza matawi gizani kwenye nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 50 na 60, kwa wiki moja hadi mbili. Halafu hupunguza kwa mkasi majani yaliyozunguka ua, kwa sababu hayo yana vinyweleo vichache na moshi wake unakwaruza koo. Wakikausha haraka mno, manukato hupaa na nje hukauka huku ndani mna maji. Wakichelewa, ukungu huingia.

Ukungu huo mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa. Aliyewahi kukausha mbata msimu wa mvua ya masika, hewa imelowa mpaka chumvi inayeyuka mezani, anajua kwamba kitu kinaweza kuonekana kikavu kwa nje na ndani kikawa kimeshaota. Miongoni mwa ukungu unaoshambulia bangi iliyokaushwa vibaya wamo jamaa wa Aspergillus, ukoo ule ule unaoleta sumukuvu kwenye mahindi na mbata. Anayenunua bangi uchochoroni hanunui bangi peke yake. Hununua pia kila kilichoota juu yake, na hakuna mkaguzi wa kumwambia.

Mirungu ni kiumbe cha namna nyingine kabisa. Mti wake, Catha edulis, ulipewa jina la kisayansi kutokana na maandishi ya Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na msafara wa mfalme wa Denmark na kufia Yemen mwaka 1763. Mwenzake Carsten Niebuhr, aliyerudi salama peke yake katika msafara ule, ndiye aliyeyachapisha maandishi hayo mwaka 1775. Lakini Waarabu, Wahabeshi na Wameru walikuwa na mti huo zamani, na hawakungoja Mzungu awape jina. Nchini Kenya makao yake makuu ni milima ya Nyambene katika kaunti ya Meru: Maua, Laare, Kangeta, Muringene, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, ambako asubuhi ni baridi na ukungu unalala juu ya mashamba.

Huko mti wa miraa haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa machipukizi yanayochomoza kwenye mizizi ya mti mama, ili tabia ya mama isipotee. Miaka mitatu minne ya mwanzo mkulima huuhudumia bila kuvuna kitu cha maana. Baadaye huukata na kuuelekeza uote matawi mengi ya chini yanayofikika, na kila unapovunwa hutoa vichipukizi vipya, laini, vyenye wekundu kwenye ncha. Hivyo ndivyo vinavyotafutwa. Mti hauogopi uzee. Miraa ya mbaine, itokayo kwenye miti mikongwe iliyorithiwa vizazi kwa vizazi, ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote, na kuukata mti kama huo ni jambo linaloweza kumfikisha mtu mbele ya wazee wa Njuri Ncheke. Mvua ikinyesha vichipukizi hujaa na bei huanguka. Kiangazi kikikaza, aliye na maji ya kumwagilia ndiye tajiri.

Kwa nini vichipukizi na si majani makubwa? Hapa ndipo kemia inapoingia. Kwenye jani changa mti hutengeneza alkaloidi iitwayo kathinoni, na malighafi yake ni fenilalanini, asidi amino ile ile inayopatikana katika maharage na nyama. Wanabiolojia wengi huziona alkaloidi kama silaha za mimea dhidi ya wadudu na wanyama walao majani, na ni busara silaha iwekwe palipo laini. Jani likikomaa, mti wenyewe hupunguza kathinoni kwa kutumia vimeng'enya na kuigeuza kuwa kathini pamoja na norefedrini. Badiliko lenyewe ni dogo ajabu: kwenye molekuli ya kathinoni kuna atomu moja ya oksijeni iliyoshikwa kwa mkono maradufu, na kimeng'enya huiongezea haidrojeni mbili tu. Basi. Umbo linabaki karibu lile lile, lakini nguvu inashuka. Vipimo vya maabara vimeikadiria kathinoni kuwa na nguvu mara saba hadi kumi kuliko kathini katika kuuchangamsha ubongo. Ukiichora karatasini, kathinoni inakaribiana sana na amfetamini, dawa ya viwandani, na ndiyo sababu mlaji hukesha akizungumza bila kuhisi njaa.

Mabadiliko yanayochukua wiki nyingi juu ya mti huenda mbio tawi likishakatwa. Seli zikianza kunyauka kuta zake hulegea, na vitu vilivyokuwa vimetengwa vyumba vyumba vikakutana. Vimeng'enya vinaifikia kathinoni bila kizuizi. Ndani ya siku mbili hadi tatu sehemu kubwa ya ile kathinoni ya asubuhi ya mavuno inakuwa imeshageuka. Tofauti na utomvu wa bangi uliofungiwa nje ya seli, dawa ya mirungu imo ndani ya seli hai, na inaishi kadiri seli zinavyoishi.

Tabia hii iliwapiga chenga wakemia kwa karibu miaka 90. Mwaka 1887 Flückiger na Gerock walitoa alkaloidi kwenye majani ya mirungu wakaiita katini. Mwaka 1930 Wolfes akaonyesha kwamba ndani yake mna norsudoefedrini, yaani kathini. Mambo yalionekana yamekwisha, ila hesabu haikukubali: kathini iliyokuwamo kwenye majani ilikuwa kidogo mno na dhaifu mno kueleza msisimko unaosimuliwa na walaji. Shida ilikuwa safari. Majani yalifika Ulaya kwa meli yakiwa makavu, na wakemia walikuwa wakichunguza mabaki. Kufikia mwaka 1963 Friebel na Brilla walieleza kuwa majani mabichi yana kitu chenye nguvu zaidi kuliko makavu. Mwaka 1975 maabara ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa, ikifanya kazi na majani mabichi, ikaitoa kathinoni yenyewe. Ndege ndiyo iliyotatua kitendawili ambacho meli isingeweza.

Na la ajabu ni kwamba bangi ilikuwa imeshawafanyia wakemia mchezo huo huo. Kemikali ya kwanza ya bangi kutengwa, huko Cambridge mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa CBN, ambayo kwa sehemu kubwa ni THC iliyochakaa kwa hewa, mwanga na muda. Katika majani yote mawili, basi, sayansi ilikutana na maiti kabla ya kumjua marehemu.

Kuna kisa cha zamani zaidi ambacho nikikisoma kwa macho ya kemia hunichekesha kidogo. Katika karne ya 16 mwanachuoni wa Kishafii aliyeishi Makka, Ibn Hajar al-Haytami, aliulizwa na watu wa Yemen kuhusu hukumu ya kula kati, yaani mirungu. Akaandika risala nzima. Alipowasikiliza waliowahi kuila, ushahidi wao ulipishana: hawa wakisema inadhuru akili na mwili, hawa wakisema inachangamsha tu na kusaidia ibada za usiku. Kwa kupishana huko hakuiharamisha kwa kukata shauri, ila aliwanasihi watu wajiepushe nayo. Lamu ni mji wa Kishafii, na mjadala huo haujawahi kufungwa kwenye baraza zake. Mimi najiuliza tu kama mashahidi wale walikula jani la umri mmoja. Aliyekaa karibu na shamba na aliyekaa mbali na shamba, katika zama za ngamia, walikula vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Biashara ya mirungu imejengwa yote juu ya adui mmoja, yaani muda. Vichipukizi hukatwa alfajiri, hupangwa kwa urefu na ubora, hufungwa vibunda vidogo, na vibunda hukusanywa kuwa kilo, ambayo haina uhusiano wowote na kilo ya mizani. Halafu vinafunikwa kwa majani ya mgomba. Wengine huona hilo kama ushamba, lakini wahandisi wa vifungashio wangelisifu jani hilo. Lina nta juu yake, kwa hiyo maji hayatoki upesi. Lina ubaridi wake. Na halizibi kabisa, kwa hiyo joto na hewa chafu hupata pa kutokea. Itie mirungu ndani ya mfuko wa nailoni uliokazwa, uuache kwenye buti la gari mchana, na matawi yanayopumua yatajaza mfuko jasho lao wenyewe. Ukiufungua utakuta weusi na harufu ya kuvunda.

Kinachofuata ni hesabu ya kilomita na nyuzi za joto. Kutoka Maua hadi Nairobi ni takriban kilomita 300, na Wakenya wote wanazijua zile gari zinazozimaliza kana kwamba zinafukuzwa. Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya 300 nyingine. Na mzigo unashuka kutoka baridi ya milimani hadi pwani, ambako mchana wa nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Kanuni ya jumla kwa majani yaliyokatwa ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua na kuharibika huongezeka mara mbili hadi tatu. Saa moja chini ya jua la jetini si sawa na saa moja ya Maua. Kemia inaihesabu kama mbili au zaidi.

Njia ya kupitia Garissa na Garsen huonekana ya mkato kwenye ramani, lakini ramani haionyeshi hofu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara ya Lamu imekuwa na misafara ya kusindikizwa na polisi, vizuizi, na vipindi virefu ambapo kusafiri usiku kulikatazwa. Abiria aliyesubiri msafara upande wa Gamba au Nyongoro alipoteza nusu siku. Mirungu iliyokuwa kwenye basi hilo ilipoteza zaidi. Usalama wa barabara, jambo ambalo hakuna mkemia angeliweka kwenye mlinganyo wake, umekuwa ukiamua ni molekuli gani inayofika Amu.

Mchuuzi naye ana mbinu zake. Ya kawaida kuliko zote ni maji: kunyunyizia, kuzungushia gunia bichi, kuweka kivulini. Gunia bichi lina maana, kwa sababu maji yakikauka juu yake huchukua joto na kuupoza mzigo, sawa na mtungi wa maji dirishani. Kunyunyizia majani yenyewe yaliyokwisha kunyauka ni jambo jingine. Maji huingia kwenye seli, jani linasimama tena, linang'aa, mnunuzi anaridhika. Kathinoni iliyokwisha kugeuka hairudi. Kung'aa ni habari ya maji tu. Na ikiwa maji hayo yametoka kwenye kisima cha chumvi au ndoo iliyooshea samaki, mlaji anakula na hayo pia, kwa kuwa mirungu haipikwi wala haichemshwi. Vilevile dawa ya wadudu. Zao linalovunwa tena na tena mwaka mzima lina kishawishi kikubwa cha kupuliziwa leo na kukatwa kesho kutwa, kabla sumu haijaisha nguvu. Kuiosha kwa maji safi hakuondoi yote, lakini asiyeosha kabisa amejidhulumu.

Sasa niseme jambo linaloharibu utaratibu wa maelezo yangu yote. Mirungu inaweza kukaushwa. Kinachoua kathinoni ni kunyauka polepole, ambapo seli zinalegea huku vimeng'enya vingali hai na maji ya kufanyia kazi yapo. Ukiyaondoa maji kwa kasi, vimeng'enya hukwama katikati ya kazi. Wakemia wa uchunguzi wa jinai nchini Marekani, Chappell na Lee, walichapisha mwaka 2010 matokeo yanayoonyesha kwamba majani yaliyokaushwa upesi yanaweza kuhifadhi kathinoni kwa miaka. Wakulima wa chai wa Kericho wanaielewa kanuni hii kutoka upande wao: majani ya chai nyeusi huachwa yanyauke na kusagwa makusudi ili vimeng'enya vifanye kazi, na ya chai ya kijani hupigwa moto mapema ili vimeng'enya vizimwe.

Ugunduzi huo haukubaki maabara. Uholanzi ilipoipiga mirungu marufuku mwaka 2013 na Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, bila kujali kwamba baraza lake lenyewe la washauri wa dawa lilikuwa limependekeza isipigwe marufuku, ndege zilizokuwa zikibeba vifurushi vibichi kutoka Nairobi hadi London zilibaki bila mzigo huo. Mahali pake pakachukuliwa na vifurushi vya posta vya majani makavu. Forodha za Marekani na Ulaya hukamata mizigo ya namna hiyo kutoka Afrika Mashariki iliyoandikwa kuwa chai au hina. Mlaji wa Mokowe hawezi kuipenda mirungu hiyo kavu hata kidogo, kwa kuwa utamu, ulaini na kule kutafuna kwa saa nyingi vyote vimekwenda. Lakini kwa polisi wa London habari njema kwamba mirungu ikikauka inakuwa majani matupu haikuwa kweli.

Turudi mdomoni. Mlaji hutafuna, hukusanya shavuni, hunywa maji au soda na kutafuna pipi ya mpira ili kuvunja uchungu. Katika jaribio la Toennes na wenzake huko Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2003, zaidi ya nusu ya alkaloidi iliyofyonzwa ilipitia kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, kabla hata ya kufika tumboni. Jaribio hilo hilo lilitoa namba ambayo walaji wangepaswa kuijua: nusu ya kathinoni huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, lakini nusu ya kathini huchukua saa tano. Na ini la binadamu, likiipata kathinoni, huifanyia karibu jambo lile lile linalofanywa na jani linalonyauka: huiongezea haidrojeni na kuigeuza, safari hii zaidi kuwa norefedrini.

Ukiziunganisha habari hizo utaona kwa nini nasema mirungu ya siku tatu haitakiwi kudhaniwa kuwa mirungu salama. Msisimko wake ni mdogo, kwa hiyo mlaji hutafuna zaidi akiutafuta. Huko kutafuna zaidi kunamjaza kathini, ambayo haimpi raha aliyoitaka lakini inakaa mwilini muda mrefu na kumnyima usingizi. Presha inapanda, moyo unakwenda mbio, tanini zinafunga choo. Shirika la Afya Duniani, kupitia kamati yake ya wataalamu, liliamua mwaka 2006 kwamba mmea huu hauhitaji kuwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa, ingawa kathinoni na kathini zilizotengwa ziko kwenye orodha za mkataba wa mwaka 1971. Uamuzi huo ulihusu sheria za kimataifa. Hauna maana kwamba mwenye presha atafune bila wasiwasi, wala mama mjamzito, kwani ulaji wake umehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Muguka, ndugu wa mirungu anayelimwa Embu upande wa Mbeere, huliwa majani bila kijiti, ni rahisi zaidi na vijana wengi wa pwani wamehamia huko. Mwezi Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku kuingizwa kwake katika kaunti, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mahakama kuu ya Embu ikasimamisha, na rais William Ruto akasema marufuku hizo hazina nguvu mbele ya sheria ya taifa. Katika kelele zote zile nilisikia habari za mapato ya wakulima, za watoto kuacha shule, za mamlaka ya kaunti. Kiasi cha kathinoni kwenye jani linalouzwa sokoni hakikuwa hoja ya upande wowote, na ingekuwa vigumu kupata hoja iliyo karibu zaidi na kiini cha jambo.

Kipimo chenyewe hakihitaji miujiza. Chukua tawi Maua siku ya mavuno, lingine la mzigo ule ule Mombasa, lingine Mokowe jetini, uligandishe kila moja kwa baridi pale pale ili vimeng'enya visimame, kisha uyalinganishe kwenye mashine ya kromatografia. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kiko njiani. Ofisi za serikali ya kaunti ya Lamu ziko Mokowe kwenyewe, karibu na jeti mzigo unaposhukia. Wahusika hao wawili waandae kazi hiyo pamoja, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili mahali wanunuzi wanaposimama, ili mtu akiuliza imekatwa lini apate pia jibu la nini kimebaki ndani.